Nyuso Nilizofuta Bugeshi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Mwenye studio, ambaye sote tulimwita Patron, alinifungulia chumba cha giza nyuma ya duka lake hapa Gisenyi, akanionyesha bakuli tatu za plastiki zilizopangwa mezani chini ya taa nyekundu.

"Binti," akasema, "hii ya kwanza inaamsha picha. Hii ya pili inaisimamisha. Hii ya tatu inaifunga ili isipotee. Ukichanganya, umeua sura ya mutu. Mutu ametembea toka Kanama, amevaa koti ya kuazima, halafu we unamuua. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na mikono yangu ilijua jembe kuliko kitu kingine. Kufika saa sita nilikuwa nimekwisha kumuua bwana harusi mmoja. Patron aliitoa ile karatasi nyeusi kwenye bakuli kwa koleo, akaitazama, akanitazama na mimi juu ya miwani yake.

"Bon, haya," akasema. "Sasa utamuambia bibi harusi wewe mwenyewe."

Na kweli alinituma. Yule dada alinitukana mpaka wapita njia wakasimama. Patron alikuwa mtu wa familia ya Kiislamu ya mjini, mtoto wa fundi cherehani, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake: ukiharibu kazi unasema mwenyewe, siku ileile, kwa mwenye sura. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi na sikumwona akiivunja.

Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya chai, hamwezi kujua tulivyokuwa wachoyo. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na kila moja ilifikiriwa kwanza. Ikishaoshwa ilikuwa negativu, yaani ule mkanda ambamo mweusi anaonekana mweupe na mweupe mweusi. Negativu tulizikata vipande, tukazitia kwenye bahasha zenye majina ya wateja, na bahasha tukazipanga kwenye makasha ya sabuni. Makasha hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa studio. Mtu akifa, ndugu zake walikuja mbio hata kabla ya kununua mbao. "Patron, iko na negativu ya papa?" Tulitafuta, tukaitoa picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Patron hakuwahi kuwahimiza watu hao. Aliwaketisha, akawapa maji.

Pale studio ndipo nilipoolewa. Mume wangu alikuwa mchoraji wa mapazia, yale ya nyuma ya mteja, yenye ndege, ngazi za marumaru na maua ambayo hayaoti popote. Alikufa kwa ugonjwa wa figo pazia la mwisho likiwa nusu. Nilikuwa nimempiga picha mbele ya hilo pazia wiki chache kabla, brashi mkononi, anacheka kwa sababu mara ya kwanza nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi. Ninayo mpaka leo.

Kisha filamu zikaisha sokoni, simu zikaja, na Patron akafunga. Nilinunua kamera ya kadi, isiyotaka filamu, iliyotumika tayari, nikaajiriwa na ofisi ya mradi mmoja wa kilimo. Mkuu wa mradi alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa akitembea huku anasoma, na alipokuita hakungoja ufike ndipo aanze kusema. Kwa miaka kadhaa nilimpigia matuta, maghala, ng'ombe, mikutano ya wakulima. Mikutano ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa maana kila mtu anataka aonekane anaandika.

Siku moja alinituma Bugeshi.

Kule juu, chini ya volkano, kulikuwa na nyumba kama ishirini za watu walioishi peke yao. Wengi wao walizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, wakarudi na Kiswahili chao, ndiyo maana nilielewana nao vizuri. Watu wa mjini waliwaita Bakimya, kwa sababu waliabudu bila ngoma, bila kipaza sauti, wakati mwingine bila hata kuimba. Hawakuwa na redio, simu wala umeme. Hawakupanda pikipiki. Wote, wake kwa waume, walivaa kitambaa kimoja cha buluu iliyoiva, kilichoshonwa na mafundi wawili kwa mtindo mmoja, na wanawake walifunga vichwa kwa kijivu. Na hawakupigwa picha.

Lakini mbegu zao za viazi zilikuwa bora kuliko za mtu yeyote katika wilaya. Mkuu wa mradi alizitaka, na pamoja nazo alitaka picha za maisha yao ya kila siku: kulima, kuchagua mbegu, kuchota maji, kukamua. Kwa upande wao walitaka bomba la maji. Kwa hiyo kiongozi wao, ambaye wote walimwita Muzee, alikubali nije siku sita, kwa masharti mawili. Nisipige uso wa mtu. Na kila siku saa kumi alasiri nikae naye kwenye benchi nje ya nyumba ya sala, nimwonyeshe kila picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, na anachokikataa nikifute mbele yake.

Nilimuuliza sababu, kwa adabu. Nilidhani atanisomea Maandiko.

"Iko mbili," akasema. "Ya kwanza, ukiweka nyuso ku karatasi, watoto wataanza kuulizana nani muzuri. Ya pili ni ya kwangu. Kule tulitoka, mutu alipata picha ya harusi ya dada yangu. Akatembea nayo nyumba kwa nyumba. Anaonyesha kidole: huyu iko wapi? Na huyu?" Akakishusha kidole chake. "Waliwapata wote, mama. Picha ilikuwa muzuri sana. Ilionyesha kila mutu."

Nikamwahidi.

Kupiga picha bila nyuso ni ufundi wa peke yake, na nitauandika hapa kwa sababu huenda hakuna atakayewafundisha. Unasimama nyuma ya watu, jua likiwa kushoto kwako. Unangoja vichwa viiname. Unatafuta mikono, visigino, mgongo uliobeba, ukungu ukiwa umepita mbele ya kichwa. Unajifunza kwamba kila mtu ana namna yake ya kuinama, lakini ukishawavika nguo moja na kuwasimamisha kwenye tuta moja, hata hilo hupungua. Jioni ya kwanza nilijivunia picha zangu. Migongo ya buluu juu ya udongo mweusi, na mawe ya volkano yamepangwa kuwa ukuta. Muzee alizitazama moja moja, akaitikia kwa kichwa.

Halafu tukafika kwenye picha ya banda la mbegu, ambamo watoto walikuwa wamepiga magoti wanachagua viazi. Migongo mitano na uso mmoja.

"Futa," akasema Muzee.

Yule alikuwa Riziki, msichana wa miaka tisa hivi, mtoto pekee wa mjane mmoja wa pale. Kamera yangu ilikuwa na mlio mdogo kila nilipobonyeza, kama mtu anayevunja kijiti. Wenzake walifundishwa wasiusikie. Riziki aliusikia. Kila mlio ukitoka, yeye anageuka.

Nilijaribu kumkwepa, lakini hakukwepeka. Nikienda kisimani, yumo. Nikienda kwa ng'ombe, yumo. Siku ya tatu alinifuata mpaka kwenye benchi.

"Mama wa kamera, umenitia mule?"

"Riziki," akasema Muzee, "rudi kwa mama yako."

"Nataka kujua tu kama niko mule."

"Hauko," akamjibu Muzee. "Umefutwa."

"Nimefutwa!" Akacheka kwa sauti, akakimbia kuwaambia wenzake. Muzee naye alishindwa kujizuia, akaficha mdomo kwa mkono. "Huyu shingo yake imetiwa mafuta," akasema. Kisha akarudi kwenye kamera. "Futa."

Katika siku sita nilifuta picha saba za Riziki. Ninakumbuka idadi kwa sababu ya kile kilichofuata.

Siku ya tano Mkuu wa mradi alinipigia simu. Nilikuwa nimeshuka barabarani kutafuta mtandao.

"Mama, nasikia unafuta."

"Ndiyo, Mkuu. Ni masharti."

"Donc, basi, futa, usigombane nao. Lakini sikiliza. Kadi ukifuta, picha hazitoki, zinajificha tu. Usipige kitu tena juu yake. Niletee hiyo kadi, fundi wetu atazirudisha zote. Nyuso ndizo zinagusa watu."

Alisema kweli. Sikuwa nikilijua vizuri jambo hilo: ukifuta kwenye kadi, mashine inaondoa jina tu na kuacha nafasi wazi. Picha yenyewe inabaki mpaka nyingine ikae mahali pake. Siku ya sita, tulipomaliza na Muzee kwenye benchi, nikahamisha picha zilizokubaliwa kwenye kompyuta ndogo niliyokuwa nayo, nikaisafisha ile kadi yote. Kisha nikakaa kando ya ukuta wao wa mawe nikabonyeza kamera mpaka kadi ikajaa. Nilipiga mawe. Jiwe hili, jiwe lile, jiwe lilelile tena. Sikuangalia hata kama yametoka sawa. Nilikuwa nimemwahidi yule mzee, na sikutaka ahadi yangu iwe ya jina tu.

Mkuu wa mradi aliponipokea ofisini aliiweka kadi kwenye kompyuta ya fundi. Mawe yakapita kwenye kioo, mamia.

"Hii ni nini?"

"Ni mawe, Mkuu. Nimejaza kadi ili zile zisirudi."

Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kusoma chochote. "Mama," akasema, "we ni mupiga picha ao ni shemasi?"

"Mpiga picha."

"Hapana. Mupiga picha analeta picha."

Mkataba wangu ulipoisha hakuuongeza. Simlaumu. Alilipa kwa ajili ya nyuso, na bomba la maji lilifika Bugeshi kama alivyosema.

Nikafungua kibanda karibu na Petite Barrière, lango dogo la mpaka, pale wanapovuka wachuuzi kwenda Goma na mizigo yao vichwani. Nilipiga picha ndogo za karatasi za shule na za kuvukia mpaka. Mbele nilitundika picha ya mume wangu na brashi yake, iwe sampuli ya kazi. Akina mama wa nyanya walikuwa wakinitania kila asubuhi. "Huyu bwana anauzwa bei gani?" Nami niliwajibu, "Huyu ni wa kutazama tu, nendeni mkauze nyanya."

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, mwanamke alisimama mbele ya kibanda na kifuko cha viazi. Nguo ya buluu, kitambaa cha kijivu. Pale penye kelele na rangi zote zile alionekana kama mtu aliyekatwa kutoka karatasi nyingine.

"Mama wa kamera, unanikumbuka?"

"Mama Riziki! Karibu ukae. Riziki mzima?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, akashika meza kisizunguke.

"Tulimuzika mwezi ya mvua," akasema. "Kifua. Wakamuombea siku ine. Siku ya tano nikasema, bon, sasa mumubebe ku santé, kwa daktari. Wakamubeba. Akaishia ku njia."

Akaendelea, kana kwamba maneno alikuwa ameyapanga njiani na akiyaacha yatadondoka.

"Kwetu hatuweke musalaba, hatuandike jina. Unajua. Majani tu. Muzee hajui nimekuya. Nilisema naenda kuuza viazi." Akakigusa kile kifuko. "Na nitauza, sikusema uongo. Lakini uso wake unaniponyoka, mama. Asubuhi ninao, jioni hauko. Nataka nione mara moja. Sitachukua. Nione, nirudi."

"Nilifuta, Mama Riziki."

"Kijana mumoja hapa ku barrière ameniambia vitu vikifutwa vinarudi. Iko fundi."

Ilibidi niseme mwenyewe, siku ileile, kwa mwenye sura. Nilimwambia habari ya kadi na ya zile picha saba za Riziki nilizofuta. Nilimwambia jinsi nilivyokaa kando ya ukuta wao na kubonyeza mpaka ikajaa.

"Ulipiga nini?"

"Mawe."

"Mawe," akasema.

"Ndiyo, mama. Mawe."

Hakulia. Aliangalia wachuuzi wanavyopita. Baadaye akauliza kama hakuna hata kimoja kilichobaki. Nilikuwa na kasha la picha za majaribio, yaani zile ndogo tunazotoa kwanza kuona rangi kabla ya kukabidhi kazi. Zote zilikuwa ni zile Muzee alizozikubali. Nikalimwaga mezani.

Alizipitia polepole, akizileta karibu na macho. Migongo ya buluu. Mikono. Visigino. Alikuwa akiwatambua watu kwa shida, hata yeye aliyeishi nao. "Huyu ni mama wa kwa jirani. Hapana. Ni dada yake." Aliweka moja kando, akairudisha, akaichukua tena. Ilikuwa ya watoto wamebeba majani ya ng'ombe, wanapanda kilima, watatu.

"Huyu," akasema, na kidole chake kikakaa kwenye mgongo wa katikati. "Ni yeye. Bega hili. Ni yeye."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijapata kupiga uso kama ule, na kamera ilikuwa pale mezani.

Mimi nilijua si yeye. Nilijua bila shaka yoyote, kwa sababu ya jinsi picha zile zilivyochujwa. Ningeweza kunyamaza. Nimekaa na jambo hilo miaka hii yote, na ninaliandika kama lilivyokuwa: nilihesabu moyoni mpaka kama kumi, nikitaka kunyamaza.

"Mama Riziki, si yeye."

"Umejuaje? Hata mimi mama yake sijui vizuri, we umejuaje?"

"Kwa sababu Riziki aligeuka. Kila nilipobonyeza aligeuka. Picha zote alizokuwamo zilikuwa na uso wake, na zote zilifutwa. Waliobaki humu ni wale wasiogeuka."

Aliondoa kidole. Akaiweka ile picha chini, kifudifudi. Kisha akatazama ukutani, akamwona mume wangu anacheka na brashi yake.

"Ni bwana yako?"

"Ni yeye. Alikufa."

"We bado uko naye," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nadhani ingekuwa nafuu angesema kwa ubaya.

Nilidhani ataondoka. Lakini akakigeuza kile kiti kunielekea, akasema, "Aligeuka namna gani?"

"Namna gani?"

"Ulimuona. Uliangalia kwanza, ndipo ukafuta. Niambie aligeuka namna gani."

Basi nikamwambia. Picha ya banda la mbegu: wenzake wameinama, yeye amegeukia begani, tope kwenye ncha ya pua, ameshika viazi viwili kama anataka kunirushia. Picha ya kisimani: jerikani iko kichwani, shingo haiwezi kuzunguka, kwa hiyo ameyageuza macho peke yake mpaka weupe wote unaonekana. Picha ya ng'ombe: amechungulia chini ya tumbo la ng'ombe, uso uko juu chini, nywele zinagusa nyasi. Picha ya kwenda sala: mstari mzima unatembea mbele, na yeye anatembea kinyumenyume, mikono imefungwa kwa adabu kama wengine.

Mama alisikiliza kinywa kikiwa wazi kidogo. Katika ile ya ng'ombe alitoa sauti, sijui niiite kicheko.

"Ulisema saba," akasema. "Hizo ni ine."

"Tatu sizikumbuki. Nimejaribu."

"Jaribu tena."

Nilijaribu. Ningeweza kutunga tatu bila shida. Nilimjua mtoto, nilizijua kazi za pale. Nikamwambia sizikumbuki.

Akachukua viazi vyake, akaenda kuviuza.

Sasa nimestaafu. Macho yangu yameingiwa na ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho, na picha ndogo siwezi tena kuzikata sawa. Kibanda nimekifunga, picha ya mume wangu nimeihamishia nyumbani. Vijana wakija kuniuliza juu ya kazi, wanataka habari za mwanga na lenzi, nami huwapa. Wengine wakisikia habari hii huniuliza kama leo ningejaza tena ile kadi. Sijui. Muzee alikuwa na haki yake, na mama alikuwa na haki yake, na kadi ilikuwa moja. Patron angeniambia nimeua sura ya mtu. Dada yake Muzee, kama angalikuwapo, angeniambia neno lingine. Nimefanya kazi hii karibu maisha yangu yote, na sikupewa jibu la kuwaachia.

Mama Riziki huja mara chache kwa mwaka, akiwa na viazi vya kuuza. Anakaa, anakunywa chai, na ananiomba zile nne. Ninamwambia kwa mpangilio uleule, kwa sababu nikikosea anajua.

Alipokuja mara ya mwisho nilimaliza ile ya kwenda sala, nikangoja ainuke kama kawaida yake. Hakuinuka.

"Halafu iko ile ya jikoni," akasema. "Alikuwa anapuliza moto. Ukapiga. Akageuka, moshi umemutoa machozi, majivu iko hapa ku paji, anacheka."

"Mama Riziki," nikasema, "mimi sikuwahi kuingia jikoni kwenu. Muzee hakuniruhusu."

"Najua," akasema. "Sikuulize, mama. Nakuonyesha."